Kiwanda Kilifungwa, Mji Haukufungwa



Wengi wetu hapa Mnarani tunakumbuka kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Kwenda kazini ng'ambo kulikuwa ni kungoja feri. Na ng'ambo palikuwa na kiwanda cha korosho, cha miaka ya 1970. Mkulima aliuza korosho, mbanguaji akapata mshahara, mwenye nyumba akapata mpangaji, muuza mahamri akapata wateja alfajiri. Kilipofungwa miaka ya 1990, wote wanne walianguka pamoja. Mikorosho mingine ikaishia kuwa makaa.

Leo mji umekua. Chuo Kikuu cha Pwani kilipata hati mwaka 2013, na wanafunzi wanahitaji vyumba. Kwa hiyo anayesema maeneo ya viwanda vya zamani yageuzwe nyumba na maduka, mimi simpingi. Lakini nyumba peke yake si mji. Pawe na karakana na mahali pa kubangulia korosho, soko lenye maji na vyoo, mitaro kabla ya lami, na njia ya miguu ambayo mtoto wa shule atapita bila kukimbizwa na bodaboda. Na vyumba ambavyo fundi ataweza kulipia, si vya wageni wa likizo tu.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inatupa haki ya kushiriki katika mipango. Ramani ikiletwa, ulizeni: kazi zitafanyiwa wapi? Akina mama, msikae nyuma. Ninyi ndio mnaojua maji hutuama wapi mvua ikinyesha.