Hotuba ya Mwenyekiti: Banda Letu la Mlimani



Tulianza mwaka 2015, kila mama shilingi 1,000 kwa wiki. Mwaka 2018 sanduku lilipojaa, ubishi ukazuka: tugawane, au tukarabati lile banda bovu kule juu, mwendo wa saa mbili kwa miguu? Wenzetu wanne walijitoa. Hatukuwalaumu, kila mtu ana shida zake.

Mabati tuliyapandisha kichwani. Kuta tulikandika udongo na samadi ya ng'ombe. Chini tukaweka mbao, viazi visipate unyevu. Madirisha tukaziba tukaacha matundu ya hewa tu, maana kiazi kikipigwa na mwanga kinakuwa kijani, hakifai kuliwa.

Bustani nayo ilitutoa machozi. Tulilima kufuata mteremko, na masika ya kwanza kabichi zote zikaenda bondeni. Jamani, tulilia! Sasa tumechimba makinga maji, kingo tumepanda majani ya Guatemala. Ng'ombe wanakula, udongo unabaki.

Zamani mchuuzi alitupangia bei, akijua mzigo hauna pa kulala. Siku hizi viazi vinalala bandani, na yeye ndiye anatusubiri.

Wale wanne? Watatu wamerudi, wako hapa nasi. Wa nne nafasi yake tumemwekea.

Mgeni rasmi, ombi letu ni moja: barabara. Vichwa vimechoka.