Kemia Niliyoiacha



Mimi ni muuguzi hapa Uingereza, mzaliwa wa Pemba. Nilipoingia Kidato cha Tatu niliacha kemia. Hakuna aliyeniambia kuwa naufunga mlango wa uuguzi. Nikaja kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, miaka miwili ikapotea.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianzishwa 1999, lakini chuo bila maelekezo hakimfai mtoto. Ushauri wa kazi ukingoja Kidato cha Nne umeshachelewa. Uanze Kidato cha Pili, ufike Micheweni, na wazazi waitwe, maana kwetu binti haamui peke yake.

Tusiilaumu serikali tu. Kila mmoja wetu ampigie simu mwanafunzi mmoja wa kwao.