Mkate Kwanza, Maswali Baadaye



Jioni moja mama wa kanisa letu, ambaye hakuonekana ibadani kwa miezi mitatu, alinijia nyumbani. Kabla hajaketi nilimwuliza, "Mama, ulipotelea wapi?" Alinyamaza kidogo, akasema atakuja Jumapili, akaenda zake. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa akimwuguza mumewe, na siku ile hawakuwa na unga. Nilikwenda kwao kuomba radhi.

Tangu hapo nasoma 1 Wafalme 19 kwa aibu. Eliya alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Mungu alimwuliza anafanya nini pale baadaye, huko Horebu, alipokwisha kupata nguvu.

Ndugu yangu, leo mtu aliyelemewa akibisha hodi kwako, mpe kiti na chai kwanza. Neno la kuonya lina wakati wake.

Bwana atujalie moyo wa upole. Amina.