Sheli Inapojifunga Yenyewe: Tumtafute Mhusika Kabla ya Kuwasha Seva Upya

Mada hii inawahusu mafundi wa seva za Linux wanaotumia Bash, sheli iliyoandikwa na Brian Fox kwa ajili ya mradi wa GNU na kutolewa mwaka 1989. Malalamiko mnayajua: mtu anaandika amri, anabonyeza Enter, dirisha linatoweka. Akiingia tena, kila kitu shwari. Wiki inayofuata, yale yale. Wengi hulaumu mtandao, na wapo wanaokimbilia kuwasha seva upya, jambo ambalo ni sawa na kufagia nyayo za mwizi kabla polisi hawajafika.

Swali la kwanza ni hili: sheli imeondoka yenyewe au imeuawa? Jibu limo katika namba ya kutokea, ila namba hiyo hupotea pamoja na dirisha. Basi iwekee shahidi. Ukishaingia, andika bash --norc, upate sheli isiyosoma faili la .bashrc, kisha ndani yake andika bash -l na ufanyie kazi zako humo. Ya ndani ikianguka utajikuta kwenye ya nje. Hapo hapo, kabla ya amri nyingine yoyote, andika echo $?. Namba inayozidi 128 kwa kawaida maana yake sheli imeuawa kwa ishara, na ukitoa 128 unaipata ishara yenyewe. 137 ni ishara ya 9, kuuawa bila onyo: pitia dmesg uone kama kumbukumbu ya mashine ilijaa. 139 ni ishara ya 11, yaani programu imegusa kumbukumbu isiyo yake.

Ukikuta 1, usiende mbali. Mara nyingi kuna mtu aliandika skripti nzuri tu, akaianza kwa set -e ili isimame pale amri inaposhindwa. Ndani ya skripti hiyo ni adabu njema. Balaa huanza inapoitwa kwa source badala ya kuendeshwa, kwani masharti yake huhamia kwenye sheli uliyokaa. Tangu hapo, grep isiyoona neno inalotafuta hurudisha 1, nawe uko nje. Ukikosea herufi moja kwenye cd, nje. Kituko zaidi kiko kwenye hesabu: ukiandika ((i++)) wakati i ni 0, Bash huona jibu ni sifuri, hulihesabu kuwa ni kushindwa, na kukutoa; lakini i ikiwa 1, amri ile ile inapita kimya. Ndiyo maana tatizo huja na kuondoka, hadi watu waanze kunong'ona kwamba seva ina pepo.

Kuthibitisha, andika echo $-. Ukiona herufi e katika mfuatano kama ehimBHs, mhusika umempata. Amri ya set +e itamtuliza kwa muda, lakini dawa ni kupekua .bashrc, .bash_profile na mafaili yote yanayoitwa humo. Humo humo tafuta exit iliyowekwa mahali palipostahili return.

Wanaofungiwa wakirudi kutoka kunywa chai watazame echo $TMOUT. Ikiwa ni 600, sheli hujifunga baada ya dakika 10 za ukimya. Hiyo si hitilafu, ni sera, na mwenye sera ni wa kuzungumza naye, si wa kumzunguka.

Sheli zote mbili zikitoweka kwa pamoja, na wakati huo TMOUT haipo, sasa ndiyo una haki ya kushuku mtandao. Weka ServerAliveInterval 60 katika mipangilio ya ssh kwenye kompyuta yako, na kazi ndefu zifanyie ndani ya tmux, ambayo hubaki hai kwenye seva hata muunganisho ukikatika.

Ninaomba vitengo vya TEHAMA viongeze mistari miwili kwenye fomu ya kuripoti hitilafu: namba ya kutokea, na saa tatizo lilipotokea. Bila hivyo viwili, fundi anabahatisha.