Mafundi wa Nyumba na Mapatano



Mwaka huu tumeletewa malalamiko mengi juu ya mafundi wa nyumba. Fundi hupokea fedha zote, huezua mabati, kisha haonekani tena. Mvua ya masika humkuta mwenye nyumba hana paa.

Twawasihi: andikeni kazi, bei na siku ya kumaliza mbele ya mashahidi, na mlipe kwa kadiri ya kazi iliyokwisha. Aliyedhulumiwa asinyamaze. Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na yapaswa kukata shauri katika siku 60. Huko karatasi yenu itasema.

Wengine huona haya kuandikiana na jirani. Kuandikiana si kutoaminiana. Ni kulinda ujirani.