Shujaa ni Nani? Fumo Liyongo na Mashujaa wa Wagiriki wa Kale

(Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo wa Kasulu na Kibondo. Tunayachapa ili na wale ambao hawakufika wayasome.)



Leo sikuja kuzungumza juu ya mbolea wala mbegu za maharage. Hayo tumekwisha kuyasoma, na tutayasoma tena. Leo tuzungumze juu ya neno moja tu. Neno lenyewe ni SHUJAA.

Neno hili twalitumia kila siku, na mara nyingi twalitumia vibaya. Kijana akimpiga mwenzake kilabuni mpaka akamng'oa meno, rafiki zake humsifu: "Huyu ni shujaa!" Mwanamume akimpiga mkewe, wapo wanaosema, "Huyo ndiye mwanamume." Mwizi wa mbuzi akikamatwa, watu mia humzunguka wakampiga mawe mpaka akafa, na kila mmoja hurudi nyumbani akijisifu kwamba naye alirusha jiwe. Sasa nauliza: watu mia kwa mtu mmoja aliyefungwa kamba, shujaa hapo ni nani?

Swali hili si geni. Watu wa pwani yetu waliliuliza katika tenzi zao. Wagiriki wa kale, wale ambao katika Biblia huitwa Wayunani, nao waliliuliza zamani sana. Basi tuzisikilize hadithi zao, kisha turudi kwetu.

HADITHI YA FUMO LIYONGO

Utenzi ni shairi refu lenye kusimulia habari. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa, mshairi wa Lamu huko Kenya, aliandika Utenzi wa Fumo Liyongo. Hadithi yenyewe ni ya zamani zaidi kuliko mwaka huo. Watu walikuwa wakiisimulia kwa mdomo, mzee kwa kijana, kama sisi tunavyosimuliana jioni.

Liyongo alikuwa mtu mrefu sana, mwenye nguvu nyingi, hodari wa kupiga mshale na hodari wa kutunga mashairi. Watu walimpenda. Lakini Sultani wa Pate alimwogopa. Alijiambia, "Mtu huyu siku moja atanipokonya kiti changu." Akaazimu kumwua. Angalieni, ndugu: Liyongo alikuwa hajamkosea. Kosa lake lilikuwa nguvu zake na sifa zake.

Kwanza Sultani aliwalipa watu wa msituni wamwue. Wakapanga hila. Walikubaliana kwamba kila mmoja kwa zamu atapanda mkoma, mti mrefu jamii ya mchikichi, awaangulie wenzake matunda. Zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu mtini, watamchoma kwa mishale. Zamu yake ikafika. Liyongo hakupanda! Alichukua upinde, akayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Wakabaki wanatazamana.

Baadaye alikamatwa akatiwa gerezani, amefungwa minyororo. Hapo sikilizeni vizuri, hasa akina mama. Kila siku mtumwa wao, msichana jina lake Saada, alimletea chakula kutoka kwa mama yake. Walinzi walikula kila kilicho kizuri, wakamwachia makombo. Liyongo akatunga wimbo, akamwambia Saada aupeleke kwa mama. Ndani ya wimbo ule alimwagiza mama afanye mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na ndani yake aweke tupa ya kukatia chuma. Walinzi walipouona mkate wa wishwa waliudharau, wakamtupia Liyongo. Kisha akaomba ichezwe ngoma ya gungu nje ya gereza. Watu walipoimba na kupiga vyombo, yeye ndani alikuwa akikata minyororo. Kelele za ngoma zilimeza sauti ya tupa. Akatoka, akakimbilia bara.

Sasa Sultani alikosa njia ya nje, akatafuta njia ya ndani. Alimwita mtoto wa Liyongo mwenyewe. Akamwahidi cheo cha waziri na kumwoza binti yake. Kijana akaenda kwa baba yake, akamwuliza, "Baba, ni kitu gani kinachoweza kukuua?" Baba akamwambia siri: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Baba alipolala usingizi, mtoto alimchoma.

Liyongo aliamka na uchungu. Akachukua upinde wake, akaenda mpaka kisimani, akapiga goti, akautega mshale. Akafa vivyo hivyo, amepiga goti na mshale umeelekezwa. Watu wa mji hawakujua kwamba amekufa. Kila aliyekwenda kuteka maji alimwona akarudi mbio. Kiu ikaingia mjini. Ikabidi mama yake aende kumbembeleza kwa maneno mazuri, siku baada ya siku, mpaka maiti ilipoanguka ndipo wakatambua. Na yule mtoto? Hakupata uwaziri wala mke. Sultani alimfukuza, naye akaugua kwa majuto akafa.

Hadi leo watu wa Kipini, karibu na mdomo wa mto Tana, huonyesha mahali wanapopaita kaburi la Liyongo.

Tukiwauliza watoto wetu shujaa wa hadithi hii ni nani, watajibu upesi, "Liyongo." Ni kweli. Lakini msimsahau Saada. Hakuwa na upinde. Alikuwa mtumwa, mtu asiye na wa kumtetea. Kama walinzi wangeuvunja ule mkate, yeye ndiye angeuawa wa kwanza. Hata hivyo aliubeba akapita mbele yao. Na mkate ule ulipikwa na mama mzee.

HASIRA YA ACHILLES

Sasa twende Ugiriki. Yapata miaka 2,700 iliyopita, Wagiriki walikuwa na utenzi mkubwa unaoitwa Iliad. Wanasema mtungaji wake ni Homer. Una mistari zaidi ya 15,000, nao husimulia vita vya Wagiriki na watu wa mji wa Troy, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki.

Shujaa mkubwa wa Wagiriki aliitwa Achilles. Hadithi za baadaye zinasema kwamba naye, kama Liyongo, alikuwa na mahali pamoja tu pa kumwua: kisigino chake. Wagiriki walitaja kisigino, Waswahili wakataja kitovu. Kila taifa lilijua kwamba hakuna binadamu asiyekufa.

Neno la kwanza kabisa la utenzi ule, katika lugha yao, ni "hasira". Mshairi hakuanza kwa kutaja nguvu wala ushindi. Achilles aligombana na mkubwa wake Agamemnon kwa sababu alinyang'anywa mwanamke mateka. Akasusa vita, akakaa hemani mwake, na Wagiriki wenzake wakafa kwa wingi. Kisha rafiki yake mpenzi, Patroclus, akaenda vitani badala yake, akauawa na Hector, mwana wa mfalme wa Troy. Hasira hasara, ndugu zangu. Hasara ile ilimrudia mwenyewe.

Huyu Hector naye alikuwa mtu wa namna gani? Utenzi unatuonyesha siku moja akimwaga mkewe Andromache. Akanyoosha mikono ambebe mtoto wao mchanga. Mtoto akalia kwa woga, kwa kuwa baba amevaa kofia ya chuma ya vita. Wazazi wakacheka. Hector akaivua ile kofia, akaiweka chini, akambusu mwanawe. Mshairi alitaka tujue kwamba adui tunayemwua anao watoto.

Achilles alimwua Hector. Tena hakutosheka. Aliifunga maiti nyuma ya gari lake la farasi, akaiburuta mavumbini, wazazi wa Hector wakitazama kutoka juu ya ukuta. Aliendelea kuiburuta siku nyingi. Je, alipona uchungu wake? Hata! Hakulala, hakutulia.

Ndipo mzee Priam, baba yake Hector, alipoondoka usiku akaenda katika kambi ya adui. Hakushika silaha. Aliingia mpaka hemani, akapiga magoti, akaibusu mikono ya Achilles, mikono ile ile iliyowaua wanawe wengi. Akamwambia amkumbuke baba yake mwenyewe, mzee kama yeye, anayemngoja mwanawe nyumbani. Achilles akalia. Priam naye akalia. Wakalia pamoja, mwuaji na mfiwa. Kisha Achilles akatoa maiti, wakala chakula, na vita vikasimamishwa ili Hector azikwe kwa heshima. Utenzi unaishia hapo, kwenye mazishi ya adui.

MGOMBO NJIANI

Ipo hadithi nyingine ya Wagiriki ambayo mnaweza kuisoma kwa Kiswahili. Ni mchezo wa kuigiza wa Sophocles, uliotafsiriwa na Samuel Mushi, ukachapwa mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Edipode alikutana na mzee mmoja kwenye njia panda. Wakagombania njia. Mzee akampiga, naye Edipode kwa hasira akamwua pamoja na watu waliomfuata. Miaka ikapita, akawa mfalme, akasifiwa. Mwishoni akagundua kwamba yule mzee alikuwa baba yake mzazi. Alimwua baba yake kwa ajili ya kugombania njia! Wangapi kwetu wamekatana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba, au ng'ombe aliyeingia katika mahindi?

TURUDI KWETU

Sisi watu wa Kasulu na Kibondo hatuhitaji kwenda Troy ili tujue vita. Mwaka 1972, na tena mwaka 1993, watu wa Burundi walivuka mpaka kuja kwetu wakiwa na watoto mgongoni. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo. Mwaka 2015 Warundi walikuja tena, na kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa upya. Kiha na Kirundi twasikilizana, kwa hiyo tuliyasikia masimulizi yao bila mkalimani. Wengi wao walikuwa kama Priam na Andromache, watu waliofiwa. Mama aliyetembea usiku kucha na watoto watatu mpaka akauvuka mpaka hakuimbiwa utenzi. Lakini mimi namwita shujaa.

Haya, tuje kwenye lile kundi na mwizi wa mbuzi. Wizi ni kosa, na mwenye mbuzi ana haki ya kukasirika. Lakini sheria ya nchi hii haikumpa mtu yeyote ruhusa ya kumwua mwizi aliyekwisha kukamatwa. Watu wakiungana kumwua mtu, wote wanaweza kushtakiwa kwa mauaji, hata yule aliyerusha jiwe dogo. Mpelekeni kwa uongozi wa kijiji na polisi. Na katika kundi lile, shujaa ni yule atakayesimama mbele na kusema, "Basi, jamani, inatosha," hali akijua kwamba mawe yanaweza kumgeukia yeye. Kurusha jiwe ukiwa nyuma ya watu tisini na tisa hakutaki moyo wowote.

Jambo la mwisho. Habari za Liyongo tunazisoma leo kwa sababu zilitiwa katika maandishi. Sisi pia tunao wazee wanaojua habari za Mwami na watu wake, za njaa, na za baba zetu waliokwenda umanamba kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Ninyi sasa mnajua kuandika. Chukueni daftari, kaeni na mzee, mwandikeni kabla hajaondoka. Tena mwandikeni na bibi, maana yeye ndiye atakayewakumbusha habari za akina Saada.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini Sultani wa Pate alimwogopa Liyongo?
2. Saada alifanya kazi gani ya hatari?
3. Priam alimshindaje Achilles bila silaha?
4. Je, katika kijiji chako yupo mtu aliyewahi kuzuia ugomvi au mauaji? Andika habari zake kwa mistari kumi, kisha uwasomee wenzako.