Kabla vitu vya marehemu havijauzwa
(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Kisangani)

Ninyi mnatuona siku ya mwisho tu, vitu vimetandikwa chini ya hema, watu wanauliza bei. Leo tunasema juu ya kazi inayokuja mbele ya ile siku, sababu pale njo haki ya mjane na watoto inaokolewa ao inapotea.

Wengi wetu tulirudi hapa na mfuko mmoja mkononi. Kuna waliokimbia ile vita ya siku sita, Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Kuna waliovuka mto kutoka Lubunga tangu 2023, sababu ya magomvi ya Wambole na Walengola. Mtu kama huyo akipata matela, sufuria tano na frigo ya zamani, ile ni miaka yake yote. Halafu anakufa, na hata machozi hayajakauka jamaa wanafika na pusupusu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufunga mlango, kuuza kunakuja nyuma. Tunanunua kufuli mpya yenye funguo mbili, moja kwa mjane, nyingine kwa shefu wa kartie. Tunaandika kila kitu kwenye kaye mbele ya watu watatu: mjane, mtu wa upande wa marehemu, na mmoja wetu. Tunaandika hata kikombe kilichovunjika mkono. Watu wanatucheka. Lakini siku shemeji anasema kulikuwa na radio mbili, ile kaye njo inajibu.

Sheria ya jamaa, ile Code de la famille ya 1987 iliyorekebishwa 2016, iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Watoto wa marehemu, wa ndani ya ndoa na wale wa inje aliowatambua akiwa mzima, wanachukua robo tatu. Robo inayobaki ni ya mwenzake wa ndoa, wazazi wake na ndugu zake. Na mbele ya kugawa, kama hawakuchagua mpango mwingine wa mali, vitu walivyopata pamoja ndani ya ndoa ni vya wote wawili. Nusu ya mjane haiingii kwenye urithi. Tena sheria inamwachia matumizi ya nyumba waliyokaa na vyombo vyake. Njo maana bila yeye kukubali hatuuzi hata kiti. Lakini wandugu, ndoa ya kimila isipoandikwa kwa etat-civil, jamaa watasema hakukuwa ndoa. Nendeni muandikishe.

Tuwape mfano wa parselle moja ya Mangobo, majina tunayaacha. Mama alitaka kuuza sehemu ya vitu kwa kulipa deni la hospitali na masomo ya watoto. Magomvi yote yalikuwa juu ya mashini ya kushona. Baba mkubwa wa watoto alisema: "Ile ni ya ndugu yangu, mimi mwenyewe niliona akiibeba." Ni kweli aliibeba, mama hangeweza kuibeba peke yake. Tukauliza feza zilitoka wapi. Mama akataja likelemba yake ya soko. Kesho yake wamama wanne wakafika na kaye yao, kurasa zimejaa mafuta ya mawese, na zamu yake ilikuwa imeandikwa, mwezi na hesabu. Mzee akasoma mara mbili, akanyamaza, kisha akasema: "Basi toeni." Mashini ikatoka kwenye orodha. Mpaka leo mama anashona nayo, na baba mkubwa ameleta suruali zake mbili zitengenezwe. Tribinali haikuguswa.

Siku zinazofuata ni za mavumbi. Tunapima frigo kama inashika baridi, tunatafuta karta roz ya moto, tunageuza mifuko ya nguo. Ndani ya mifuko na chini ya matela njo makaratasi yanalala, na makaratasi hatuuzi, hatuchomi. Tangu mahakama ya La Haye iliamua 2022 kwamba Uganda ilipe dola milioni 325, karatasi moja inayoonyesha mtu aliumia kwa ile vita inaweza kupita frigo kwa bei. Tunazifunga ndani ya plastiki, tunampa mkubwa wa watoto na mama yake pamoja.

Bei tunapanga usiku wa mwisho: vitu vikubwa kwa dola, vidogo kwa franka, na kiwango cha kubadilisha tunakubaliana asubuhi ili mtu asibishane katikati. Dola iliyopasuka hatupokei, maana soko nayo haitapokea. Kitanda alichofia marehemu kinaenda mwisho. Wengi wanaogopa, na hatuwalazimishi.

Wafadhili mnauliza feza zenu zinaingia wapi. Zinaingia kwa kufuli, kaye, hema, chakula cha mlinzi wa usiku na feza ya pirogi kwa wale wa Lubunga. Havipendezi kwa picha, tunajua.

Jumamosi ijayo tunaingia parselle nyingine, komine ya Kabondo. Marehemu alikuwa fundi wa baiskeli, ameacha vyombo vingi ambavyo sisi hatujui bei yake. Tunatafuta wanachama wawili wanaojua ile kazi, na ambao hawana undugu na familia. Wenye nafasi watuone sasa, mbele ya chakula.